Mandolini Chini ya Karai

Ting.

Sauti ilitoka chini ya kitanda, ndogo kama kijiko kilichogusa glasi, halafu ikakawia gizani kama mgeni asiyetaka kuondoka. Stima ilikuwa imepotea tangu jua lizame. Wangechi alikuwa amempakata bintiye Nakhumicha, akimsugua kifua kwa dawa ya kikohozi, na mkono wake ukasimama hapo hapo.

Kitu kikapita mbio kando ya ukuta. Panya, alijiambia. Lakini panya gani hulia ting?

Alimlaza mtoto, akawasha taa ya simu, akapiga magoti. Nyuma ya sanduku la nguo kulikuwa na kitu kilichofungwa kwa blanketi kuukuu la mumewe. Alifunua pembe moja, taa ikaangukia mbao iliyopakwa vanishi, mpya, inang'aa.

Alirudisha mkono kama aliyegusa jiko la moto.

Mumewe, Bravin Makhanu, alikuwa fundi wa majeneza, kwenye karakana iliyo njia ya kwenda mochari hapa Nakuru. Ilikuwa kazi ya halali na iliwalisha. Ila nyumba yao ilikuwa na sheria, na ni Bravin mwenyewe aliyeiweka pale mtoto alipozaliwa na kifua dhaifu: mbao ya kule haivuki mlango. Hata kipande cha kuwashia jiko. Akitoka kazini alivua ovaroli kwenye mfereji wa ploti, akakung'uta vumbi, akanawa hadi viwikoni, ndipo akamshika mtoto.

Watu wa ploti walizoea. Asiyezoea ni baba yake Wangechi, mzee Gachanja wa Gilgil. Siku Bravin alipokwenda na wazee wake kuposa, mzee aliwakuta getini na hapo hapo akawamalizia. "Mkono unaopima maiti hautashika mjukuu wangu." Hata chai hawakupewa. Sasa Nakhumicha alikuwa na miaka mitatu, na babu yake hajawahi kumtia machoni. Wangechi akimpigia simu, inalia mpaka inachoka.

Yote hayo aliyameza kwa ajili ya Bravin. Na sasa Bravin ameleta mbao chini ya kitanda anacholalia mtoto!

Alimwita jirani yake. Mercyline alikuja na mshumaa, kanga begani, shingo mbele.

"Ni nini? Nyoka?"

"Afadhali nyoka."

Mercyline akainama, akatazama. "Si hiyo ni gita?"

"Gita gani ndogo hivyo? Na hesabu nyuzi, ni nane."

"Basi ni mtoto wa gita." Mercyline akacheka, kisha kicheko kikakatika. "Lakini Mama Nakhu, mbao ni ya nani?"

"Unamaanisha nini?"

"Mimi sijasema kitu. Nimeuliza tu mbao ni ya nani. Unajua kuna wale wanasema majeneza mengine hurudi dukani..."

"Mercyline!"

"Haya, nimefunga mdomo."

Hakuwa ameufunga, na hata kama angeufunga, maneno yalikuwa yameshaingia. Wangechi alianza kuunganisha mambo. Zile Jumapili ambazo Bravin alidai anamsaidia rafiki kupaka rangi nyumba huko Milimani, akarudi na vumbi la mbao kwenye nyusi na shati lisilo na tone la rangi. Ile simu aliyokwenda kuipokelea nje, karibu na choo, akisema kwa sauti ya chini: "Ndiyo, mzee. Bado kidogo, mzee. Wewe ndiye utaona kwanza." Mzee gani huyo? Mganga? Mtu aliyetengenezewa kitu kwa mbao ya marehemu wake?

Walikivuta kile kitu kwa mpini wa ufagio, wakakisukuma mpaka barazani, Wangechi akakifunika kwa karai. Mercyline akaweka jiwe juu.

"La nini sasa?"

"Kisitoke," Mercyline akasema, na safari hii hakucheka.

Bravin alifika akiimba kidogo. Alinawa pale mferejini kama kawaida yake, akaja akikausha mikono kwenye suruali. Alipoona karai na jiwe, wimbo ukaisha.

"Nani ameitoa?"

"Mimi," Wangechi akasema mlangoni. "Na usiingie kwanza."

"Mama Nakhu, hiyo si mbao ya kazi."

"Ni ya wapi?"

Bravin akamtazama Mercyline. Mercyline akatazama mshumaa wake, lakini miguu haikusogea.

"Nitakwambia Jumapili."

"Jumapili ya Milimani?" Wangechi alisikia sauti yake ikipanda. "Bravin, mtoto anakohoa humo ndani. Sema sasa, ama hiki kitu kinaingia kwa jiko sasa hivi, na mimi na Nakhu tunalala kwa Mercyline."

"Godoro liko," Mercyline akasema haraka.

Bravin aliondoa jiwe taratibu, akainua karai. Hakujitetea. Alikichukua kile kitu kwa mikono miwili, kama anavyomtoa mtoto kwenye beseni, akamnyooshea mkewe.

"Ni mandolini. Kabla hujachoma, angalia. Tumbo hilo limekwanguliwa kidogo kidogo, unagonga kwa kidole, unasikiza, unakwangua tena. Likiwa nene linanyamaza. Likiwa jembamba sana linalia kama mkebe. Mbavu nimezikunja kwa bomba la moto. Nyuzi ni waya wa breki za baiskeli, nimeusokotoa mmoja mmoja."

Wangechi hakutaka kukishika, ila mikono ilikwenda. Kilikuwa chepesi, chepesi mno kwa kitu cha mbao. Alipitisha kidole pale mbavu zinapokutana na mgongo, akatafuta mahali pa kuungia, hakupata. Huo mkono aliujua. Watu walitoka mbali kununua majeneza ya Bravin kwa sababu hiyo, kwamba pembe zake hazionyeshi zimekutana wapi. Hilo ndilo lililomtisha.

"Piga," akasema. "Nisikie kinasema nini."

Bravin akapiga. Wimbo mdogo tu, wa kanisani, vidole vikitafuta njia. Sauti ilikuwa kali mwanzoni, kisha chini yake ikaja nyingine nzito, yenye joto, ikajaa baraza na kukaa hata baada ya kidole kuondoka. Mlango wa pili ukafunguka. Mtu akauliza, "Ni redio ya nani hiyo?" Wangechi alisikia uzuri wake, na akataka maelezo zaidi kwa sababu ya uzuri huo huo.

Alikipokonya, akakileta puani. Vanishi. Lakini ndani hakuna apakaye vanishi. Akaweka pua kwenye tundu.

Mwanzoni alidhani ni saiprasi, mbao ya majeneza, harufu ya kila mazishi aliyowahi kuhudhuria. Akavuta tena. Hapana. Hii ilikuwa kavu zaidi, tamu, kama penseli iliyochongwa sasa hivi.

"Mutarakwa," akasema polepole. Mwerezi, mti wa nguzo za kwao.

Akauleta mshumaa wa Mercyline karibu. Kwenye tumbo la mandolini, upande huu na ule wa mstari wa katikati, kulikuwa na madoa mawili meusi yanayotazamana kama macho. Doa la msumari ulioshika kutu ndani ya mbao miaka na miaka. Mbao ilikuwa imepasuliwa katikati ikafunguliwa kama kitabu, doa moja likawa mawili. Msumari huo aliujua. Ndio ulioshika waya wa kufungia geti, na yeye akiwa msichana ulimrarua sare ya shule zaidi ya mara moja.

"Hii ni nguzo ya geti yetu."

"Baba yako anaweka geti ya chuma," Bravin akasema. "Nikasikia zile nguzo za zamani atazifanya kuni. Nikaenda kuomba moja. Akaniacha nje, nikajua ni yale yale. Halafu akauliza, 'Unaweza kutengeneza kitu cha mtu aliye hai?' Akaniambia juu ya mandolini yake ya ujana, ile ililiwa na mchwa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kama angeikataa, ungekataliwa mara ya pili. Nikaona nibebe peke yangu."

"Anakupokelea simu? Wewe?" Wangechi hakuamini. Alitaka kuamini, akaogopa. "Mpigie sasa. Nisikie mwenyewe."

Bravin alipiga, akaiweka simu kwenye karai lililopinduliwa, sauti juu.

"Sema," ikajibu sauti aliyoikosa miaka mitatu.

"Imekwisha, mzee."

"Piga nisikie."

Bravin akapiga ule wimbo.

"Rudia hapo chini, kwa nyuzi nzito."

Akarudia.

"Hiyo ni geti yangu?"

"Ni geti yako, mzee."

Wangechi akainama kutazama kama amekata. Hakuwa amekata. Mlangoni, Nakhumicha alikuwa amesimama na blanketi lake, macho kwenye ile mandolini. Akakohoa.

"Nani anakohoa hapo?" mzee akauliza.

Wangechi alimtazama Bravin. Bravin naye akatazama mikono yake.

Mtoto akaisogelea simu.

"Ni mimi, Nakhumicha."