Kitenge cha Kuzikiwa

Mwaka ule wa korona sisi mafundi cherehani wa Mbamba Bay hatukupata hata nafasi ya kukohoa, na kukohoa kwenyewe kulikuwa balaa. Barakoa! Kila mtu barakoa. Nilikata vitenge tangu asubuhi mpaka vidole vikafa ganzi, na ndiyo maana nikafanya upumbavu wa mwaka. Nilikikata kitenge cha kuzikiwa cha mama yangu.

Kilikuwa kitenge cha kina mama wa parokia, chenye picha ya Bikira Maria. Wazee wetu huku huweka kimoja kipya sandukuni, cha kuvalishwa siku ya mwisho. Mama alinipa nikipinde kingo tu. Mimi nikakitupia kwenye rundo la kazi, na kesho yake nikatoa humo barakoa kumi na sita. Watu walizigombea kwa ajili ya ile picha, nami, mjinga wa mwisho, nikafurahi.

Wiki mbili baadaye Mama akalala na homa. Siku ya tatu akaniambia, "Aurelia, niletee kitenge changu nikione." Nikamdanganya kwamba bado nakipinda. Jamani, nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mtu anaulizia nguo yake ya mwisho, na nguo yenyewe imefunga midomo ya mji mzima!

Nikafunga duka. Nikapita mlango kwa mlango na furushi la barakoa mpya, nabadilishana. Otilia, muuza usipa, wale dagaa wetu wa ziwani, pale sokoni, alinivulia yake palepale huku akicheka mpaka akajishika mbavu. Baltazar wa boti alikuwa anaifutia mashine. Nilimtukana kwanza, kisha nikaichukua. Mwalimu Dunstan alikuwa amepanda milimani, Kingerikiti, na yake, nikamfuata huko huko. Nilipata kumi na nne. Mbili zilikwenda Mbinga na abiria, basi tena.

Nikazifua, nikazichemsha, nikazifumua. Kila kipande na ukubwa wake, kimoja kina doa la oili lisilotoka. Siku mbili nzima niliviunga kimoja kimoja, mapengo nikayaziba kwa mabaki ya dukani. Uso wa Bikira Maria ulikaa upande kidogo.

Nilipompelekea, Mama alipitisha vidole kwenye mishono. Nikapiga magoti, nikamwambia yote, machozi yananitoka, nikamwomba anisamehe.

"Hiki cha nani?" akauliza, ameshika kile chenye doa.

"Cha Baltazar."

"Na hiki?"

"Cha Otilia wa usipa."

Akavipitia vyote, ananiuliza jina moja moja. Kisha akasema taratibu, "Mwanangu, mwaka huu siogopi kufa. Naogopa kuzikwa na watu sita, haraka haraka, kama walivyomzika jirani yetu Kunigunda juzi. Sasa nina watu." Akakigeuza upande wa pili. "Na wewe je? Cha kwako kiko wapi?"

Sikuwa nacho. Zile barakoa sikuwahi kuvaa hata moja, niliuza tu. Nikachukua mkasi, nikakata kipande cha pindo la gauni nililovaa, nikakaa kitandani pake nikiunge kwa mkono.

"Kiweke hapa," Mama akasema, akigusa kifua chake.

Sindano ikanichoma, nikaendelea kushona.