Damu ya Kulinganishia

Fundi wa maabara alijitolea damu mwenyewe. Wiki hiyo walikuwa wakipima wafanyakazi wa kiwanda cha betri kuona kama wana risasi, yale madini mazito, na ilitakiwa damu ya mtu asiyekanyaga kiwandani kabisa, ya kulinganishia.

"Chukueni yangu," alisema. "Mimi risasi naijua vitabuni tu."

Mashine yao huunguza tone la damu ndani ya kibomba mpaka kila kilichomo kisambaratike kuwa atomi. Taa hupitisha mwanga hapo, na atomi za risasi humeza mwanga wa aina yake. Mwanga ukimezwa sana, risasi ni nyingi.

Mkuu wake, aliyebandikwa jina la Desimali kwa kutosamehe hata nukta, alisoma majibu akiwa amesimama.

"Huyu namba kumi na tisa ana thelathini na moja! Kawazidi hata wanaoyeyusha risasi. Aondolewe kiwandani leo hii."

Fundi alitazama orodha.

"Mkuu, kumi na tisa ni mimi."

Desimali alivua miwani, akaivaa tena. Walirudia kila kitu: kibomba kipya, asidi mpya, damu ya mkono mwingine. Thelathini nukta nane.

Jioni mumewe alicheka. "Risasi mwilini? Nani kakupiga?" Alipoona mkewe hacheki, kicheko kikamfia mdomoni. "Na mtoto je?"

Binti yao alikuwa na miaka minne. Akapimwa kesho yake: ishirini na sita. Mama yake akakaa sakafuni pale pale na koti lake jeupe.

Alipima maji ya bomba, unga, hata rangi iliyobanduka ukutani. Vyote safi. Akachemsha siki, ambayo ukali wake huitoa risasi kwenye chombo, katika kila sufuria ya jikoni, akaipima nayo. Ile kubwa nzito, ya kupikia nyanya kila siku, ilipita kiwango cha mwisho cha mashine.

Aliyeyeyusha vyuma na kuisubu sufuria ile ni kaka yake wa kuzaliwa naye. Alimpa alipoolewa.

Akamfuata karakanani, sufuria mkononi.

"Kaka, hapa unayeyusha nini?"

"Chochote kinachoyeyuka, dada. Injini, rejeta, mabaki ya betri. Kwani imetoboka?"

"Haijatoboka."

Akamweleza, mpaka namba ya mtoto. Kaka alibaki ameduwaa, koleo mkononi.

"Mama nilimpa mbili," alisema hatimaye.

Siku hiyo hiyo alizima tanuri, akaanza kupita mlango kwa mlango. Hakuwa na orodha ya wateja. Aliwakumbuka kwa nyuso. Wengine walimtukana, wengine walidhani ana wazimu. Mama yao aligoma kabisa: "Sufuria ya mwanangu iniue mimi?" Ilibidi Desimali mwenyewe aende kumpima damu, kisha amwonyeshe karatasi ya majibu yake. Thelathini na nane.

Mwisho wa mwezi zilirudi sufuria sitini na tatu. Kaka alizitoboa zote kwa patasi asije mtu akaziokota.

Sasa anachomelea madirisha. Kila anapokuja maabara kupimwa damu yake mwenyewe, huuliza ya mpwa wake kwanza, akitazama chini. Juzi dada yake alimjibu, "Kumi na moja, inashuka."

"Kumi na moja," akarudia, na kukunja mkono wa shati.