Sabuni ya Meza ya Tatu

Ghizlane hakuiamini mita ya meza ya tatu. Kwa ukame ulioikumba Agadir, mwenye kiwanda cha samaki wa makopo alikuwa ametangaza kwamba meza itakayotumia maji mengi kuliko nyingine kusafisha sadini itafungwa, na wanawake wake waende nyumbani. Tangu hapo meza zote zilipunguza kidogo. Ya tatu ilishuka chini ya nusu.

Yeye ndiye aliyekuwa mkaguzi wa usafi. Hesabu ile angeithibitisha yeye, au aikatae.

"Umekuja tena kutuchungulia, Lalla mkaguzi?" Mahjouba, kiongozi wa meza, alisema bila kuinua macho kwenye kisu. "Si uvae aproni utusaidie!"

"Nataka kujua mnaoshea nini."

"Mate!" Meza nzima ikacheka.

Sehemu ya jibu ilionekana wazi. Meza nyingine ziliacha vichwa na matumbo yaanguke sakafuni, kisha zikayasukuma kwa mpira wa maji hadi mtaroni. Wanawake wa meza ya tatu walidondoshea taka kwenye beseni, wakakwangua meza ikiwa kavu, ndipo wakafungua maji. Sakafu yao haikuwa na damu. Lakini samaki wenyewe waliwaosha kwa maji tele, bila kuyaonea uchungu. Yalitoka wapi?

Alishuku ni ya bahari, lakini kuonja kusingesaidia. Baada ya asubuhi moja humo ndani, hata midomo ya mtu ina chumvi. Akachukua kipande cha sabuni ya mche, akanawa kwa mpira wa meza ya tatu. Alisugua sana. Sabuni iligandamana viganjani kama jibini, povu halikutoka, kama ifanyavyo kwenye maji ya chumvi.

"Sabuni mbovu hiyo, mwanangu," alisema Mahjouba. Hakuwa akicheka tena.

Ghizlane akaenda na kipande kilekile meza ya pili. Povu likamjaa hadi vifundo vya mikono.

Aliufuata mpira ule hadi nyuma ya mashine ya barafu. Ulikuwa umeunganishwa, kwa kibano kipya, na bomba linalovuta maji ya bandarini ya kupozea mitambo: maji yenye dizeli na kinyesi cha ndege. Fundi wa mabomba alikuwa Lahsen, mdogo wake Mahjouba.

"Ulijua?" Ghizlane alirudi kumuuliza Mahjouba.

"Nilimwambia naogopa tutafungiwa. Akasema, niachie mimi, dada. Sikuuliza."

"Hukuuliza, au hukutaka jibu?"

Mahjouba alipangusa kisu kwenye aproni, akakipangusa tena.

Kibano kilifunguliwa. Makopo yote ya meza ya tatu yaliteketezwa, na Lahsen akafukuzwa. Ghizlane aliomba wiki moja ya kupima upya. Mita ikapanda, lakini haikuifikia meza yoyote nyingine. Beseni na kukwangua vilikuwa vimetosha tangu mwanzo.

"Kumbe katuponza bure," Mahjouba alisema.

Ghizlane akatia sahihi. Ikafungwa meza ya kwanza, iliyotumia maji mengi kuliko zote.

Kila asubuhi, kabla visu havijashikwa, bado hupita na sabuni mfukoni. Mahjouba hufungua maji na kunyoosha viganja kabla hajaambiwa, na wote wawili husimama wakingoja povu.