Mashine ya Riyadh

Mimi nina hasira za karibu, nalijua, lakini siku ya fainali zilinipanda kwa haki. Ilikuwa fiesta, sikukuu ya mtaa wetu hapa Mandaue. Kibanda changu cha michezo ya video kilijaa vijana, mikononi mishikaki ya jirani yangu Nang Osang, kelele kama za uwanjani. Mpira wa kikapu, dakika za mwisho, timu ziko sare. Mara televisheni ikaganda, yakatokea maandishi: mchezo huu unachezwa sasa kwenye mashine nyingine.

Vijana wakazomea.

Zamani nilikuwa na rafu nzima ya sahani za michezo, zile diski za kutia kwenye mashine. Mume wangu Pulo, anayejenga majukwaa ya kupandia mafundi ujenzi huko Riyadh, akanishawishi niziuze. Tununue ya kupakua mtandaoni, akasema, haichubuki wala haiibwi, na yote iingie kwenye akaunti yake. Ubaya wake, mchezo mmoja haufunguki kwenye mashine mbili kwa pamoja. Akasema hilo halina shida, mashine yake kaiuza, kazi haimpi hata nafasi ya kukuna kichwa. Nenosiri tunalijua yeye na mimi tu. Sasa kwetu ilikuwa alasiri, Riyadh bado asubuhi, na Pulo alipaswa kuwa juu ya jukwaa. Basi nani anacheza huko? Na nenosiri kampa nani?

Nang Osang akachungulia. Sahani ya mchezo huohuo aliinunua kwangu, na hakuacha kunicheka.

"Nilikwambia, mdogo wangu. Nguo ya kuazima haisitiri maungo. Muulize mumeo kamwazima nani."

Nikapiga simu, haikupokelewa. Nikapiga tena, wapi. Nilishamwona kichwani mwanamke wake wa huko, hadi rangi ya kucha zake. Hatimaye Pulo akapokea, akasema yuko kazini, kuna kelele, atanipigia baadaye. Kelele zenyewe nikazisikia: filimbi ya refa na watazamaji wa mchezo wetu.

"Pulo, usinifanye mjinga. Uko na nani hapo?"

Nikasikia akipunguza sauti ya televisheni.

"Niko peke yangu, langga, mpenzi wangu. Kampuni ilifungwa tangu kabla ya Krismasi. Wenzangu wananilisha. Wakitoka asubuhi nabaki chumbani. Mashine sikuiuza. Nikichezesha timu tuliyokuwa tukiicheza pamoja, najiona niko hapo kibandani. Niliona haya kukwambia."

Hasira zote nilizoziandaa zikakosa pa kwenda. Nikalia mbele ya wateja, sikujali. Nikamtukana pia kidogo, maana miezi yote hiyo alikuwa akinisimulia habari za majukwaa, na mimi nikimwombea asianguke. Akaniomba radhi. Akasema anazima sasa hivi ili fainali yetu iendelee.

Nang Osang, aliyekuwa amenisogelea, alikuwa amesikia kila kitu. Akaenda kwake, akarudi na ile sahani akiifuta kwa aproni, akaitia mwenyewe kwenye mashine yangu. Mchezo ukafunguka, maana sahani haidai akaunti ya mtu. Vijana wakakubaliana kuanza upya.

Simu ilikuwa bado sikioni.

"Usizime," nikamwambia. "Maliza mchezo wako. Halafu ufungashe, urudi nyumbani."