Bibi ya Kipngetich

Kui alikuwa akisugua kibuyu cha maziwa kwa kijinga cha moto pale lori la polisi lilipopanda kilima, upande wa Molo. Ulikuwa wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni. Wakikuyu wote wa shamba lile la pareto walikuwa wanarudishwa kwao, ingawa wengi wao walizaliwa papo hapo na hawakujua kwao kwingine. Mzungu mwenye shamba alikuwa barazani akinywa chai. Mkuki kwa nguruwe, Waswahili walishasema.

Kipngetich, mkamuaji wa ng'ombe, ndiye aliyemleta Kui kwa mama yake alfajiri. Walikuwa wamependana tangu mvua za mwaka uliopita, kwa siri, yeye akimwachia maziwa ya moto nyuma ya zizi. Mama yake, Chepngeno, hakuwahi kumtaka msichana huyo wa Kikuyu. Asubuhi hiyo hata hivyo alimvisha shanga zake mwenyewe, akamkalisha kando ya moto na kumpa kibuyu asugue kama wanawake wa Kipsigis.

"Wewe sasa ni bibi ya Kipngetich," alimwambia. "Usiongee sana. Kipsigis yako ni ya sokoni."

Sajini aliinama mlangoni, fimbo mkononi.

"Huyu nani?"

"Bibi yangu, afande," Kipngetich alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu mimi nilikubali," Chepngeno alidakia. "Unataka nikuitie ng'ombe tulilipa waje waseme?"

Sajini hakucheka. Alitoka, akarudi na mwanamke aliyebeba gunia la viazi mgongoni, kamba ikimkata kipaji cha uso. Alikuwa Wangechi, mama yake Kui.

"Mama, kwa lori wewe uko peke yako na ulikuwa na msichana. Ni huyu?"

Kui aliinamia kibuyu. Wangechi akikubali, wangepanda lori pamoja, na Kipngetich angefungwa kwa kumficha. Akikataa, nani ajuaye kama wangeonana tena?

Wangechi alimtazama bintiye kuanzia shanga hadi miguu, bila haraka.

"Wangu alitoroka usiku," alisema. "Huyu simjui. Huyu ni wa hawa watu."

Sajini alimpiga kofi. Gunia likaanguka, viazi vikasambaa sakafuni, kimoja kikagusa goti la Kui. Sajini hakuwa akimwangalia Wangechi hata kidogo. Macho yake yalikuwa kwa msichana. Mtoto gani huona mama yake akipigwa asiinuke? Kui alitaka kuinuka kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, hata Kipngetich. Chepngeno alikuwa amekalia pindo la shuka la Kui, akalikalia zaidi. Kui aliendelea kusugua.

Wangechi alipiga magoti akaokota viazi vyake. Alipofikia kile cha gotini alikiacha.

"Hicho pikia bwanako," alisema, kama mtu anayemwambia jirani, kisha akatoka.

Injini ya lori ilikubali kuwaka mara ya tatu, lori likateremka. Kipngetich alikuwa ameegemea ukuta, hawezi kumwangalia yeyote. Chepngeno alisogea, akamshika Kui bega kwa mara ya kwanza.

"Sasa lia, mtoto wangu."

"Bado," Kui alinong'ona, akionyesha ukuta kwa kidevu.

Askari mmoja alikuwa ameachwa pale nje ya ukuta, kusikiliza kama katika nyumba ile kuna mtu atakayelia.