Waya Chini ya Meza

Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu. Wee! Warigia hakupona hata kidogo. Tangu Habon aajiriwe katika duka la jumla la Mzee Jimale, pale Eastleigh, mwenyeji alikuwa anaugua wivu, tena ule wa kumnyima mtu hamu ya chai. Miaka yote kompyuta za duka na za tawi la Pipeline alizitunza yeye, peke yake. Sasa Mzee alikuwa anatafuta mkuu wa idara, na kila alipofungua kinywa ni Habon kasema, Habon kafanya. Aka!

Wiki hiyo Habon alikuwa anaandaa mahali pa kujaribia nakala za akiba, ili ijulikane kama seva za duka, zile kompyuta kuu zinazohifadhi kumbukumbu zote, zikifa siku moja zitafufuka. Ndani ya kompyuta moja iliyotengwa aliwasha nakala za seva zote, akaziachia anwani zile zile za mtandao zinazotumiwa na seva halisi.

"Mbona hujazibadilisha anwani?" Warigia aliuliza, akijifanya anasaidia.

"Zinatafutana kwa hizo hizo, dada. Nikibadilisha, ya mauzo haitaiona ya stoo. Bora tu zisiunganishwe na mtandao wa duka, hazitagongana na zile halisi."

Jibu lilikuwa sahihi, na hilo ndilo lililomchoma. Angalau angekosea kidogo, mtoto wa watu, labda Warigia angempenda!

Habon alipokwenda kuswali adhuhuri, Warigia alichungulia mlangoni, akachukua waya, akainama chini ya meza na kuiunganisha ile kompyuta na mtandao wa duka. Wacha aaibike mbele ya Mzee, alisema moyoni.

Haikuchukua muda. Seva mbili zikawa zinaitikia anwani moja, kama pacha waliopewa jina moja. Mashine za kaunta zikakwama, wateja wakapandisha sauti, na mama mmoja wa Majengo akaacha mzigo wake wa shuka akaenda duka jirani. Mzee Jimale akapanda ngazi akihema.

"Habon! Habon yuko wapi?"

Hata sasa ni Habon! Warigia akajitokeza mbele.

"Niachie mimi, Mzee!"

Hakugusa kompyuta yoyote, hakuuliza lolote. Alipiga magoti moja kwa moja chini ya meza, akachomoa waya. Punde kaunta zikaanza kufanya kazi.

"Mashallah!" Mzee alipiga makofi. "Basi mkuu nishampata. Ni wewe, binti yangu."

Lo, utamu wake! Warigia aliinuka akijipangusa magoti, waya ungali mkononi. Habon alikuwa amesimama mlangoni, ameona yote. Wala hakukasirika.

"Hongera, dada," alisema. "Lakini mimi sikuweka waya wowote hapo. Ulijuaje uko chini ya meza, na hata hujatazama?"

Warigia aliuficha waya nyuma ya mgongo. Mzee Jimale alikuwa bado anatabasamu, akingoja jibu, kisha akaacha kutabasamu.