Mkono wa Pili

Tangu kiharusi kimwangushe wakati wa theluji, Martin Etcheverry hakuwa ametamka neno. Daktari alisema ulimi umepona. Mwenyewe ndiye aliyekataa kusema. Mkewe, Lorna, alimwona anajifia polepole, na mfa maji hukamata maji. Akajiaminisha kwamba Martin akimwona Pardo, farasi aliyemfundisha mwenyewe, akimkabili ng'ombe tena, atasema. Basi akajiandikisha kwenye mashindano ya farasi wa kuzuia ng'ombe, kundi la wapandaji wanaoanza, yeye mwanamke wa miaka sitini ambaye kazi yake ranchini ilikuwa jikoni.

Langoni, Gaspar, mdogo wake Martin, alimkazia mkanda wa tandiko.

"Shemeji, mkono mmoja tu kwenye hatamu. Farasi huyu kashahitimu, si mwanafunzi wa kushikiwa hatamu kwa mikono miwili. Ukigusa kwa wa pili, alama sifuri."

"Umeshaniambia."

"Na nakwambia tena. Mengine mwachie Pardo. Wewe kaa tu kama gunia la viazi."

"Na gunia likidondoka?"

"Tutakula viazi."

Martin alikuwa kando ya uzio, kwenye kiti cha magurudumu, macho yake mavumbini.

Ng'ombe mmoja, mtamba mwekundu, akafunguliwa. Kazi ya Pardo ilikuwa kumzuia asitoke kwenye upande mmoja wa uwanja. Pardo akainamisha kichwa. Mtamba akienda kulia, yupo. Akienda kushoto, yupo. Lorna akatupa jicho uzioni. Martin alikuwa ameinua uso. Furaha ikamtoa Lorna akili. Mtamba akageuka ghafla, Pardo naye akageuka, Lorna akayumba, na mkono wa pili ukadaka hatamu na kuzivuta kwa uzito wake wote. Pardo akarusha kichwa juu, kinywa kikiachama kwa maumivu ya lijamu. Mtamba akapita. Kipenga kikalia.

Sifuri haikumuuma. Kilichomuuma ni kile kinywa. Martin alitumia miaka mitano kukifundisha kuitika kidole tu, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kukivuta.

Alipofika uzioni aliona midomo ya mumewe inatikisika. Akashuka haraka, akapiga magoti mbele ya kiti.

"Sema, mume wangu. Nakusikia."

"Muuze," Martin akasema, macho yake kwenye kinywa cha Pardo.

"Kaka, shemeji ndiyo kwanza anaanza," Gaspar akasema taratibu.

"Muuze," akarudia, kwa sauti safi kabisa, kisha akafumba macho.

Lorna alikuwa amemwomba Mungu neno moja tu.